Baraza Lililobaki Kwenye Kiolezo

Kompyuta ilifika katika Ofisi ya Michoro ya Kanda, mjini Mtwara, siku ya Jumanne, mwezi Machi mwaka 1998, ndani ya maboksi matatu yaliyoshushwa melini. Wachora ramani wawili wa ofisi hiyo waliacha meza zao za mteremko, wakaja kuitazama, wakaona ina vitufe vya herufi, wakarudi kukaa. Mkuu wa ofisi, Mhandisi Josephu Sanga, naye aliviona vitufe. Akaamua palepale kwamba mashine yenye vitufe ni ya mpiga chapa, na mpiga chapa alikuwa mmoja tu, Yustina Komba, mwenyeji wa Mbinga, umri wake miaka arobaini na minne. Walimwondolea taipureta, wakamwekea kompyuta, na taipureta ikasukumwa chini ya meza kusubiri siku umeme utakapokatika.

Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na programu ya kuchorea majengo. Hakuna aliyemwambia Yustina kwamba kuchora si kazi yake, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba programu hiyo imo. Alikuta kitabu cha maelekezo chini ya boksi la pili, kinene kuliko Biblia yake, akaanza kukisoma kuanzia ukurasa wa kwanza. Ilimchukua miezi kumi na mmoja. Alisoma asubuhi kabla ya barua za mkuu na mchana baada ya barua za mkuu, kamusi ya Kiingereza ikiwa mapajani. Aliyekuwa akimtazama kwa mbali alidhani mama huyu siku hizi anapiga barua polepole.

Kitu cha kwanza alichokichora ni baraza la nyumba aliyopanga kule Likombe. Nyumba ilikuwa ya Bi Tatu, mjane mwenye mikorosho yake Mpapura na maneno yake hapa mjini. Yustina alichora baraza hilo kwa sababu ndicho kitu pekee alichokijua vipimo vyake kwa mwili. Miaka sita alikuwa amelifagia kila alfajiri. Lilikuwa na urefu wa mita tatu na sentimeta sitini, kimo sentimeta arobaini na tano, na pembe ya kulia ilikuwa imelika kidogo, mahali ambapo marehemu mume wa Bi Tatu alikuwa akinolea panga. Hata ile pembe iliyolika aliichora. Baraza lilipokamilika pale kwenye kioo, mistari myeupe juu ya weusi, Yustina alifurahi mpaka akaona haya, akatazama nyuma kama kuna mtu aliyemwona akifurahi.

Kisha akafika kwenye sura ya violezo. Kiolezo, kitabu kilieleza, ni karatasi iliyokwisha kuandaliwa. Ina fremu yake, kisanduku cha maelezo kwenye kona, mshale wa kaskazini, unene wa mistari, na matabaka, kuta kwenye tabaka lake na milango kwenye lake. Unakitengeneza mara moja tu, na kila mchoro mpya unaoufungua unazaliwa ukiwa navyo vyote. Yustina hakuona jambo geni hapo. Tangu mwaka 1974 hakuwahi kuanza barua bila barua nyingine kando yake. Mpiga chapa huweka barua ya jana upande wa kushoto wa mashine, juu huacha "Yah:" yake, chini huacha "Wako mtiifu" yake, hubadilisha ya katikati, na kazi inakwenda.

Basi akatengeneza kiolezo kwa mtindo huohuo. Alichukua faili lenye baraza, akaongeza fremu, kisanduku, mshale na matabaka, akalifunga tabaka la baraza lisije likaguswa wakati anafuta mengine, akahifadhi. Kulifungua tena na kulifuta alisahau. Mhandisi asingefanya kosa hilo, maana mhandisi huanza na karatasi tupu. Chini kabisa, karibu na baraza, vidole vyake viliandika vyenyewe JS/yk. Ni alama ya kila barua iliyotoka ofisini humo. Herufi kubwa ni za mwenye barua, Josephu Sanga, halafu mkwaju, ule mstari ulioinama, halafu herufi ndogo za aliyeipiga. Watu hawaisomi alama hiyo, nayo haiwekwi ili isomwe.

Mwaka uliofuata zahanati ya Msimbati, kule Mnazi Bay, ilitakiwa kuchorewa ramani ndani ya wiki mbili. Mchora ramani mmoja alikuwa msibani Masasi na mwingine macho yalimsumbua. Yustina alimwambia mkuu kwamba mashine yake inaweza. Akafungua karatasi mpya kutoka kwenye kiolezo, akachora zahanati nyuma ya baraza ambalo tayari lilikuwa limeshakaa pale, akachapisha. Mhandisi Josephu aliushika mchoro kwa mikono miwili, akaupenda kwa dhati, kisha akaweka jina lake kwenye kisanduku cha kona, penye Amechora, penye Amekagua na penye Ameidhinisha.

"Mkuu," Yustina alisema, "hapo kwenye Amechora..."

"Dada Yustina, barua zangu anapiga nani?"

"Napiga mimi."

"Na anayeandika ni nani?"

"Ni wewe, mkuu."

"Basi na hii ndiyo hivyohivyo. Na hii alama ya barua hapa chini iondoe, wageni watatucheka."

Yustina hakuifuta. Katika programu hiyo kuna tabaka moja ambalo vitu vyake huonekana kwenye kioo na havitokei kwenye karatasi. Alihamishia alama yake huko, mahali palepale, chini ya baraza. Karatasi ikatoka safi na mkuu akaridhika.

Zahanati ilijengwa, na baraza likajengwa mbele yake kwa sababu limo kwenye mchoro. Ikafuata ofisi ya walimu Mpapura, ofisi ya kata Likombe, mahakama ya mwanzo, ghala la korosho, ofisi ya kijiji Kilambo kule karibu na kivuko cha Ruvuma. Siku moja, akikagua ghala, Mhandisi Josephu alimuuliza fundi baraza hilo la mita tatu na sitini ameliagiza nani. Fundi alimfungulia mchoro na kumwonyesha. Jina la Josephu lilikuwa hapo mara tatu. Alilisoma, akaona kumbe aliliagiza mwenyewe, akapanda gari.

Mtu wa kwanza kuligundua jambo lenyewe alikuwa Mwalimu Danieli wa Mpapura, mwezi Juni mwaka 2001, saa nne asubuhi. Alitoka na rundo la madaftari, akakaa kwenye baraza la ofisi mpya asahihishe hesabu za darasa la tano. Upande wake wa kushoto alikuwa amekaa mwanamke mwenye ndoo ya samaki.

"Sogea kidogo, mwalimu, ndoo isikuloweshe," mwanamke alisema. "Dakta keshafika?"

"Dakta gani?"

"Dakta Shafii. Hapa si zahanati?"

"Hapa ni shuleni, Mpapura."

"Mi mbona niko Msimbati," mwanamke alisema. Jina lake lilikuwa Fatuma.

Wote wawili waligeuka kutazama nyuma. Nyuma ya Fatuma palikuwa na ukuta wa bluu wa zahanati, nyuma ya mwalimu palikuwa na ukuta mweupe wenye jedwali la kuzidisha, na baraza lilikuwa moja, halina kiungo. Mbele kila mmoja aliuona uwanja wake. Mwalimu Danieli alisahihisha daftari mbili nyingine, kisha akauliza kama samaki wale ni changu. Fatuma akajibu ni tasi, wa alfajiri hii. Daktari alipofika Fatuma aliinuka, akawa ameinuka Msimbati. Kengele ilipolia mwalimu naye aliinuka, akawa ameinuka Mpapura, ameshika tasi wawili kwa mikia. Kalamu yake nyekundu ilikwenda na Fatuma kwa bahati mbaya, ikarudishwa Alhamisi.

Mwezi haukuisha watu wote walishajua utaratibu. Ukikaa kwenye baraza lolote lililotoka kwenye kiolezo, umekaa na wote waliokaa kwenye mabaraza mengine. Ukiinuka, unainukia ulikokalia. Kitu ulichopewa mkononi unaondoka nacho. Samaki wabichi walianza kufika Mpapura, na mihogo na korosho zikafika Msimbati, hata wakati wa mvua barabara inapogeuka tope. Baraza lilibaki na mita zake tatu na sentimeta sitini, lakini haikusikika mtu kukosa nafasi. Ilibidi tu kusema "sogeeni", na waliotangulia kusogea.

Baraza la Bi Tatu kule Likombe halikujengwa kwa mchoro wowote, nalo lilikuwamo, kwa kuwa ndilo lililochorwa. Bi Tatu alikuwa na goti bovu, na kwa miaka minne alikuwa hajafika kwenye mikorosho yake. Sasa alikaa nje kwake na kijiti cha kuswakia mdomoni, akapokea salamu za Mpapura zote, akaelezwa korosho zimetoa maua kiasi gani na ni nani aliyepitisha mbuzi shambani. Jioni Yustina akirudi kazini, Bi Tatu alimpa habari za mkoa mzima kabla hajavua viatu.

Yustina alizisikiliza na moyo wake ukajaa. Alikaa mwenyewe barazani, katikati ya mvuvi wa Msimbati na karani wa mahakama, akawa anajua kila sentimeta aliyoikalia. Ndipo alipoamua kuomba. Aliandika barua akiomba kubadilishiwa kada, atoke kwenye upiga chapa awe mchora ramani. Hakutaka kingine. Kwa miaka mitatu majengo yote ya kanda yalikuwa yamepita mikononi mwake, na alitaka karatasi ya serikali imwite kwa jina la kazi anayoifanya. Masharti yalisema aambatanishe michoro mitatu ambayo jina lake limo kwenye kisanduku, penye Amechora.

Mhandisi Josephu aliisoma barua hiyo, akamwita, akamwambia achukue daftari, akamsomea majibu. Yustina aliyapiga, kwa sababu mpiga chapa mwingine hakuwapo. "Yah: Ombi lako la kubadilishiwa kada. Nasikitika kukujulisha kwamba hujaambatanisha michoro yoyote yenye jina lako." Hakukosea hata herufi moja. Aliweka JS/yk chini, akampelekea mkuu kusaini, akaitia kwenye bahasha, akaandika jina lake juu ya bahasha, akaiweka kwenye trei yake mwenyewe. Baada ya chakula cha mchana aliifungua, akaisoma, akaenda chooni akalia. Aliporudi, ofisi ya afya ilikuwa inasubiri mchoro wa wodi.

Masika ya mwaka 2002 daraja la kwenda Kilambo lilichukuliwa na maji, na mwanamke mmoja wa huko, Somoe, akashikwa na uchungu siku hiyohiyo. Mama yake na shangazi zake walimsaidia kutembea mpaka ofisi ya kijiji, wakamlaza barazani. Dakta Shafii alikuwa amekaa barazani Msimbati anakunywa chai. Aliweka kikombe chini, akaomba wanaume wote waliokaa wainuke wakainukie makwao, na wanawake wa majengo kumi na tisa wakafungua khanga zao wakazungushia. Mtoto wa kike alizaliwa saa saba mchana, analia vizuri. Kwenye kadi ya kliniki, mahali pa kuzaliwa, Dakta Shafii aliandika "Barazani", akagonga muhuri.

Akiwa ananawa mikono, daktari aliuliza baraza hili nani hasa alilitoa kichwani. Kwenye mchoro wa zahanati yake ameona jina la J. Sanga.

"Huyo Sanga wenu n'mulizeni pembe hii imelika kwa nini," Bi Tatu alisema kutoka Likombe, huku anakunja khanga yake. "Hajui. Anayejua ni mpangaji wangu, Yustina, anapiga chapa hapo ofisini."

Kwa hiyo habari ilijulikana kwenye majengo kumi na tisa kwa siku moja, na katika ofisi moja haikujulikana. Kuanzia hapo Yustina alipokaa barazani watu waliacha mazungumzo wakamwamkia kwanza. Wanawake wa Msimbati walimwekea pweza. Mwalimu Danieli alimwita "fundi", na neno hilo Yustina alikwenda nalo chumbani, akalala nalo.

Mhandisi Josephu naye alikuwa anasifiwa, ila kwingine. Makao makuu walimpa ngao ya mbao yenye jina lake, wakaomba kanda yake iwe mfano kwa wengine. Barua ya pili ya Yustina, ya mwaka 2003, ilimkuta akiwa ameiegemeza ngao hiyo mezani, na majibu yake yalikuwa yaleyale, yakapigwa na mikono ileile. Lakini safari hii lilimwingia wazo. Alitaka kazi hiyo iwe yake kweli, isiwe tena na mkono wa mtu mwingine. Alijifunza programu wiki tatu, akatengeneza kiolezo chake kipya, safi, kwa kuanzia na karatasi tupu, akachora baraza lake mwenyewe, mita nne kamili, pembe zote zimenyooka.

Majengo matatu yalijengwa kwa kiolezo hicho. Yalikuwa majengo mazuri. Watu walikaa kwenye mabaraza yake wakawa wamekaa peke yao, kwenye saruji. Walingoja kidogo, wakasema "sogeeni" kwa mazoea, wakaona hakuna wa kusogea, wakaondoka. Malalamiko yaliandikwa, yakafika mbali, na mwezi Agosti 2004 makao makuu walituma kamati ya watu watatu kuja kuchunguza kwa nini kanda ya mfano sasa inajenga mabaraza ya kawaida. Mwenyekiti wake alikuwa Mama Agnes, mhandisi mtu mzima, mpole, mwenye miwani ya kamba.

Kamati ilikaa kwanza na Mhandisi Josephu ofisini, kwa saa mbili, ikapata maelezo kuhusu ubora wa mchanga. Kisha ikaenda Likombe kukaa kwenye baraza la ofisi ya kata. Huko, kabla Mama Agnes hajafungua daftari lake, aliambiwa na watu wa majengo arobaini na moja kwamba mwenye baraza ni Yustina. Akamwagiza dereva amlete.

"Mama," Mama Agnes alimwambia, "hawa wote wanasema ni wewe. Karatasi zote zinasema si wewe. Mimi nina karatasi na nina watu. Nisaidie."

Yustina alisimama mbele yao, mkoba kifuani. Alikuwa na hofu, maana alijua kwamba siku kama hii haiji mara mbili. Hakujibu kamati. Aliwageukia waliokaa, akawauliza wanapungukiwa na nini hapo.

Walishauriana. Mzee mmoja wa Kilambo ndiye aliyesema. "Migongo, mwanangu. Ntu akikaa sana hapa anaumwa mgongo."

"Nipeni nusu saa," Yustina alisema.

Dereva alimrudisha mjini. Alipita mlango wa Mhandisi Josephu, akakaa, akawasha mashine, akafungua kiolezo chake cha zamani. Kitabu cha maelekezo, ukurasa wa mia tatu na kumi na mbili, kinasema wazi kwamba kiolezo kikibadilishwa leo, michoro iliyokwisha kutolewa haibadiliki. Baraza lenyewe halikuwa limekisoma kitabu hicho. Yustina alichora egemeo, sentimeta hamsini kwenda juu, akalilaza nyuma kidogo, kadiri ambavyo Bi Tatu hulala anapojiegemeza ukutani baada ya kula. Akabonyeza kuhifadhi.

Ilikuwa saa tano na dakika kumi. Likombe, Mama Agnes alisikia kitu kikipanda polepole nyuma yake, cha baridi kwanza kisha cha kawaida, kikamfika chini ya mabega. Akaegemea. Wajumbe wenzake wakaegemea. Msimbati wagonjwa waliegemea, na kwenye mahakama ya mwanzo mlalamikaji na mlalamikiwa wakaegemea kwa pamoja wakaendelea kusubiri hakimu. Mzee wa Kilambo alitoa pumzi ndefu, akavua kofia. Mama Agnes alitazama saa yake, akaandika dakika kwenye daftari, na daftari akaliweka pajani kwa muda, akakaa tu.

Yustina aliporudi walimpisha akae katikati. Alipoegemea alilipima lile egemeo kwa mgongo wake, akaona limekaa pale alipolitaka. Alicheka kwa sauti. Watu wa majengo arobaini na moja walicheka naye, na Bi Tatu, aliyekuwa kwake nyumba ya nne kutoka hapo, alipiga kigelegele kilichosikika mara mbili, mara moja kwa njia ya baraza na mara moja kwa njia ya kawaida.

Uamuzi wa kamati ulifika baada ya miezi mitatu, ukiwa umepitia kwa mkuu wa ofisi, naye akamsomea mpiga chapa wake aupige. Yustina aliupiga. "Kamati imejiridhisha pasipo shaka kwamba michoro yote arobaini na moja yenye baraza la mfano imechorwa na Bi Yustina Komba. Hata hivyo, muundo wa utumishi hauna njia ya kumtoa mpiga chapa kwenye kada yake bila cheti cha ufundi, na chuo husika hakipokei mwombaji aliyezidi miaka thelathini na mitano. Majina yaliyomo kwenye kisanduku yabaki kama yalivyo, ili kumbukumbu zisivurugike. Kuanzia sasa majengo yote ya kanda yachorwe kwa kiolezo cha Bi Yustina, na si kingine. Inapendekezwa Bi Yustina apatiwe kiti kipya."

Safari hii hakwenda chooni. Aliipiga barua mpaka mwisho, akaweka JS/yk, akaipeleka kusainiwa. Mhandisi Josephu alisaini bila kuinua macho, akafungua mtoto wa meza, akatoa maombi ya mchoro wa soko jipya la samaki, mchoro uliotakiwa Ijumaa.

"Dada Yustina," alisema, "hili tutumie kile kiolezo chako."

"Ndicho kilichopo peke yake sasa, mkuu," Yustina alijibu.

Kiti kilifika, cha magurudumu, kizuri. Alikikalia miaka minne mingine akachora majengo kumi na saba, na kwenye kila mchoro baraza lilikuwa la kwanza kufika. Jina la J. Sanga liliandikwa kwenye kona mara tatu kwa kila mchoro. Vijana wawili waliotumwa kuweka kompyuta mpya walijaribu kulifungua lile tabaka lililofungwa, kwa udadisi tu, likakataa. Waliripoti kwamba halina madhara.

Ijumaa ya mwisho ya Juni 2008 Yustina alifikisha miaka hamsini na mitano na mkuu alimsomea barua ya kustaafu. Aliipiga kama zilivyo nyingine zote. Alikabidhi funguo, akaaga, akachukua bahasha yake kwenye trei yake. Saa kumi alikuwa Likombe, amekaa barazani kwa Bi Tatu, na kando yake, kulia na kushoto, walikuwa wamejaa watu wa majengo hamsini na nane. Fatuma alikuwapo na ndoo. Somoe alikuwapo na binti yake, ambaye sasa alikuwa wa shule. Walimwomba asome.

Akawasomea. "Umelitumikia taifa kwa uaminifu kwa miaka thelathini na minne, na unastaafu ukiwa Mpiga Chapa Daraja la Pili."

Dakta Shafii alitazama vidole vyake. Yustina aliishusha barua mapajani.

"Na hapo chini pameandikwa nini?" Bi Tatu aliuliza. Hakujua kusoma, lakini aliona kwamba pana kitu.

"Alama tu, mama. JS, mkwaju, yk. Ni ya wapiga chapa. Haina maana kwa mtu."

"Ile ya chini ya baraza?" Mwalimu Danieli aliuliza.

Yustina alimtazama.

"Darasa langu la kwanza wanaijua," mwalimu alisema. "Wanalala chali pale chini wakati wa mapumziko, wanaipapasa kwa vidole. Ndizo herufi zao za mwanzo. Wanaanza y, wanaandika k, ndiyo tunarudi nyuma kwenye a."

Alipitisha mkono chini ya ukingo wa baraza kumwonyesha mahali. Fatuma akapitisha wake, na Dakta Shafii, na karani wa mahakama, na mzee wa Kilambo, kila mmoja kwake, majengo hamsini na nane. Yustina alipitisha mkono wa mwisho. Zege lilikuwa la baridi. Alikuta mkwaju kwanza, halafu y, halafu k, ndogo, safi, zimeingia kiasi cha ncha ya kidole. Alirudi nyuma kutafuta herufi kubwa mbili ambazo alikuwa ameziandika mbele yake mwaka ule, na mahali pake palikuwa laini. Zege halikuzishika.

Alikaa hivyo muda mrefu, mkono chini, barua mapajani. Alikuwa na furaha ambayo hakuificha kwa mtu.

Nakala ya barua ilitiwa kwenye jalada lake, na katika jalada hilo Yustina Komba ni mpiga chapa mpaka leo. Jua liliposogea, mwanamke mmoja wa Mpapura aliyechelewa shambani alifika na kikapu, akakuta pamejaa. Akasema, "Sogeeni," wakasogea.